Debe la Bi Sikudhani

Kila asubuhi Hamdani aliyasukuma magugu maji yaliyoziba mfereji wake, yakateremka hadi kwa jirani yake, Bi Sikudhani, mjane anayeumwa mgongo. Leo alikuwa ndiyo kwanza amemaliza, mjane huyo akatokea na debe kichwani.

"Nimekuletea mbolea, baba. Yale magugu niliyaozesha pamoja na samadi. Naona mahindi yako yamepauka."

"Magugu... uliletewa na nani, mama?"

"Na maji," alijibu Bi Sikudhani, akiitazama reki iliyolowa mkononi mwa Hamdani.

Hamdani alilipokea debe bila kuinua macho. Mbolea ilikuwa bado na joto. Mferejini, fungu la asubuhi ile, na maua yake ya zambarau, lilikuwa likielea taratibu kuelekea kwa mjane. Akalitua debe, akaanza kukunja suruali.