Bahasha ya Mdogo Wangu

Jumatatu, tarehe 9 Machi, saa nne na robo asubuhi, mvua ya rasharasha ikinyesha, nilikuwa nimelazwa hospitalini, nyonga imevunjika.

Mdogo wangu aliingia na bahasha nene. "Kaka, ukoo mzima umechanga. Usione haya. Ukipona, utauza shamba uturudishie."

Nilivitazama viatu vyangu chini ya kitanda, vilivyotiwa soli mpya mara tatu. Tangu ujanani nilikatwa mshahara kwa ajili ya bima ya matibabu ya uzeeni. Nilikanyaga baiskeli, naye mdogo wangu akinipita kwa gari. "Unamlipa daktari ungali mzima?" alizoea kunicheka. "Huko ni kujiombea ugonjwa."

Muuguzi aliyekuwa amekwenda kuhakiki bima yangu alirudi na kadi. Moyo ulinidunda, kwani sikuwahi kuitumia hata kwa mafua.

"Mzee, bima imekubali kulipa gharama zote. Utapasuliwa kesho."

Mdogo wangu aliketi polepole. "Zote?"

"Umesikia," nilimwambia.

Alikohoa kidogo. "Kaka, hiyo bima, mtu wa umri wangu bado wanampokea?"

"Kamwulize muuguzi," nilimjibu, nikimsukumia bahasha kifuani. "Ila kwanza warudishie watu fedha zao. Shamba langu haliuzwi."