Kaa Aliyeacha Kazi ya Kuwachongea Papa

Enzi zile papa walipokuwa wengi, Kaa alikuwa kibarua wa wavuvi: papa akipita, yeye hutikisa kamba ya wavu. Siku aliponaswa papa wa mwisho, Kaa akaandaa karamu, akamwalika jirani yake Taa, yule samaki bapa mwenye mkia wa mwiba.

Taa akaja na ukoo mzima.

"Karibuni, chakula kinaiva," Kaa akasema.

"Chakula tumeshakiona, jirani," Taa akajibu, akamtafuna shemeji wa Kaa palepale mlangoni. "Tuliyekuwa tukimwogopa ni Papa tu."

Kaa akatimua mbio zake za upande hadi wavuni alikonaswa Papa, akaanza kukata nyuzi.

"Si wewe uliyenichongea?" Papa akauliza.

"Ndimi, na kazi ile nimeiacha. Tulia nikate, wamefika chumbani kwa watoto!"