Uso wa Malkia wa Mji

Mji wa wanyama ulipostawi, meya wao Tausi alimwita mchoraji Kinyonga.

"Uchore mji wetu kama malkia, magunia ya nafaka yakiwa miguuni pake. Uso uwe wangu, la sivyo uhame!"

Lakini Kinyonga alikumbuka alivyofika pale akikimbia moto wa nyika, na Mama Bata akamfungulia mlango. Basi akampa malkia uso wa Bata.

Picha ilipofunuliwa, Tausi alifoka, "Nani huyu?" Kisha akautazama tena uso ule, akakumbuka. Alipokuwa yai lililotelekezwa, Bata ndiye aliyemwatamia.

Akaukunja mkia wake, akainama mbele ya Mama Bata, aliyekuwa miongoni mwa watazamaji. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kinyonga, aliyekwisha kufunga mizigo, akaifungua huku akilia kwa furaha.