Jaribu Tena

Mtoto alikuwa anarudi nyuma. Mwalimu alimwambia baba yake hivyo hivyo, bila kuzunguka, kisha akamgeuzia kioo cha kishikwambi ajionee mwenyewe. Binti yake wa darasa la tatu alikuwa mwisho kabisa, kwenye rangi nyekundu.

Mwalimu alieleza. Watoto wake walikuwa wengi na hawakulingana. Wengine wanasoma mbio, wengine wanatambaa, mmoja haoni vizuri. Kwa hiyo kila mmoja alipewa kishikwambi chake cha kutumia darasani na nyumbani, na majibu yote yanamfikia yeye. Mtoto akipata, kinampa zoezi gumu zaidi. Akikosa, kinamwambia ajaribu tena. Akizidi kukosa, kinamrudisha kwenye rahisi. Binti huyu alianza mwaka akisoma hadithi. Sasa kilikuwa kimemrudisha kwenye silabi.

"Ajabu ni kwamba akisoma kwa mdomo hapa darasani hanisumbui," mwalimu alisema. "Labda amekariri. Lakini mzazi, mimi ni mmoja na wao ni wengi. Nafuata kinavyosema."

Baba alikuwa fundi breki. Shule aliiachia darasa la nne, na tangu hapo alikuwa na kinyongo nayo kama mtu aliyefungiwa mlango usoni. Alimwita binti huyu Profesa tangu hajaota meno. Wenzake gerejini walishachoka kusikia habari za Profesa. Sasa angewaambia nini? Kwamba Profesa anasoma ba, be, bi?

Alifika nyumbani na mkanda wa feni mkononi.

"Nini kinakushinda?"

Mtoto alinyoosha kiganja.

Mama alilia na kumsihi mumewe apunguze. Baadaye alimkanda mtoto kwa maji ya moto, akamuuliza swali lile lile kwa upole: mwanangu, kwani nini kinakushinda? Profesa alimtazama mama yake kwa kitambo, kisha akasema atajitahidi.

Kumsaidia masomo mama hakuweza. Macho, alisema, yalimsumbua tangu ujana. Karatasi yoyote ikiingia ndani, hata ya dawa, alimpa mumewe au Profesa. Nisomeeni, macho yangu haya. Mumewe alimtania kwamba msomi mzima wa darasa la saba amegeuka bibi kizee kabla ya wakati. Kuoa aliyemzidi shule ilikuwa fahari yake, na wageni wote waliijua. Mtu yeyote naweza kuishi naye, alikuwa akisema, lakini kukaa nyumba moja na mjinga, hapana.

Kazi aliyoiweza mama ilikuwa kukitunza kishikwambi. Profesa akimaliza mazoezi ya shule, mama alikipokea, akakifunga kwenye kitambaa safi na kukipeleka chumbani, kisishikwe na vumbi wala mikono ya majirani. Mtoto akatoka kucheza.

Baba aliitwa shule mara ya pili. Silabi nazo zilikuwa zimemshinda. Kishikwambi kilikuwa kimemshusha hadi kwenye herufi tupu, a, e, i, kama mtoto wa chekechea.

Safari hiyo mkanda haukutua kiganjani. Ulipata kidole cha shahada. Kikavimba, kikawa cheusi. Baba alisema ni uvimbe tu, utashuka. Uvimbe ulishuka kweli, ila kidole kilibaki kimenyooka kama msumari. Profesa akahamishia kalamu mkono wa kushoto, na madaftari yake yakawa kama yamepitiwa na kuku.

Muhula ulipofungwa, alihamishiwa chumba cha nyuma, kwa wale wa kuanzishwa upya. Wenzake wa zamani walimpita dirishani wakimwimbia a, e, i, o, u. Baba aliacha kumwita Profesa. Alikaribia kuacha kumwita kabisa. Aliapa mbele ya mkewe kwamba siku atakayokisikia kidude kile kinamwambia mtoto ajaribu tena, hapatakalika. Mama aliinamisha kichwa, akaendelea kuchambua mchele.

Alasiri moja gereji ilikosa spea, wakaruhusiwa mapema. Baba aliingia ndani, na hata hajavua viatu akaisikia kutoka chumbani, nyuma ya mlango uliorudishwa. Sauti ya yule mwanamke wa kwenye mashine, tulivu, isiyochoka.

"Jaribu tena."

Kimya.

"Jaribu tena."

Baba aliuma meno. Akachomoa mkanda kwenye msumari wa ukutani, akaenda kama gari lililokatika breki.

Mlango wa uani ulifunguka kwa kishindo. Profesa aliingia akihema, miguu imejaa vumbi, kamba ya kurukia bado inaburuzika nyuma yake. Alipenya chini ya mkono wa baba yake, akajibanza kwenye mlango wa chumba, akanyoosha kiganja.

"Ni mimi, baba," alisema. "Nimekosea mimi."

"Jaribu tena," sauti ilisema nyuma yake.

Mkono wa baba uliganda hewani. Halafu wote wawili wakasikia sauti nyingine mle ndani, ya chini, ya mtu mzima, ikijikokota kama inayopanda mlima na mzigo kichwani.

"Ma... me... mi..."

Kidole hakikukunjika tena. Darasa la tatu Profesa alilirudia. Na mama hakukigusa tena kishikwambi, hakufika kwenye mo.