Ng'ombe wa Ghorofa ya Tatu

"Basi mlete huyo ng'ombe hapa sokoni tumwone, Mwalimu! Au anaogopa kushuka ngazi?"

Soko zima la wakulima la Karur, kusini mwa India, liliangua kicheko. Alicheka muuza bamia, wakacheka wateja waliokuwa wakingoja kupimiwa. Hata mzee Palani wa meza ya jirani, ambaye hucheka mara mbili kwa mwaka, alijifuta machozi. Aliyesema hayo ni Kayal, muuza biringanya na koliflawa. Ulimi hauna mfupa, na wa Kayal hauna hata breki.

Mwalimu Visalakshi hakucheka. Alilikunja gunia lake tupu mara nne, kwa unadhifu wa mtu aliyefundisha watoto wadogo miaka thelathini, akaondoka.

Kwa miezi mitano alikuwa akija kila siku karibu na saa sita, soko likielekea kufungwa. Biringanya hanunui. Huomba vile ambavyo wakulima hukata na kutupa chini ya meza: majani ya koliflawa na vikonyo vyake, majani ya figili, maganda ya maboga.

"Ya ng'ombe wangu," husema. Na mtu wa Karur, hata awe bahili kiasi gani, hamnyimi ng'ombe. Ni dhambi.

Tabu ni kwamba Kayal alikuwa amegundua anakokaa Mwalimu: ghorofa ya tatu, nyuma ya stendi ya mabasi.

Mchana huo dereva wa bajaji alileta chakula kama kawaida, mkebe mmoja kwa kila mkulima, kifuniko chekundu, bure. Watu walisema kinatoka hekaluni. Wakulima huamka saa tisa usiku wawahi basi la kwanza, wawauzie watu wa mjini mboga kwa bei iliyoandikwa ubaoni, nafuu kuliko duka lolote. Wao wenyewe, bila mkebe huo, wangerudi kijijini na chai tu tumboni. Nani ale koliflawa inayoweza kuuzwa?

Kayal alikuwa na mkebe wake, ule mkubwa kidogo. Aliuchora nyota kwa msumari kwenye kifuniko ili Palani asiuchukue akijifanya amekosea.

"Aliyepika hiki mikono yake ibusiwe," alisema akikomba mchuzi mzito wa dengu na mboga za majani. "Kaka, hamna cha kuongeza?"

"Kila siku swali hilohilo," dereva akajibu.

Palani alikuwa hajagusa chake. "Mwanangu, umewahi kujiuliza kwa nini mtu aseme ana ng'ombe?"

"Muongo tu, baba."

"Mwenye njaa huomba kwa jina la ng'ombe. Kwa jina lake mwenyewe, aibu."

Kayal alilirudisha tonge mkebeni. "Si na wewe ulicheka!"

"Nilicheka. Ndiyo maana chakula hakinipiti."

Kesho yake Mwalimu hakuja. Keshokutwa hakuja. Kayal alimtengea majani kwenye kona, yakanyauka, akatenga mengine. Aibu ni kama nzi: ukiipunga huku, inatua kule. Alikosea kupima. Aliwagawia wateja giligilani ya bure kwa konzi mbilimbili, kana kwamba ndio waliotukanwa. Kila aliyepita na gunia alimshtua.

Hata chakula kilimkimbia. Siku tatu mfululizo, mkebe ulikuja na wali na mtindi mtupu.

"Hekalu nalo limenichoka?" alimuuliza dereva. Dereva alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida ya mtu kumtazama mtu, kisha akawasha bajaji yake.

Siku ya nne Kayal alichagua biringanya changa kuliko zote, koliflawa mbili zisizo na doa, na nyanya ambazo mteja alikuwa ameshazishika mkononi.

"Hizo haziuzwi, mama."

"Mbona ziko mezani?"

"Zimepumzika tu."

Alizipanga chini ya kikapu, juu akafunika kwa majani, ili Mwalimu apokee chakula cha ng'ombe bila kuona haya. Akamwachia Palani meza. Njia nzima alirudiarudia maneno yake, na kwenye ngazi yakamwishia. Ghorofa ya kwanza alisahau salamu. Ya pili alisahau mwanzo. Ya tatu alibaki na mlango tu, na harufu ya wali.

Alibisha. Mwalimu alifungua, mikono imelowa, amejifunga kanga ya jikoni kiunoni.

"Mwalimu, nisamehe." Kayal aliyaangalia majani, hakumwangalia yeye. "Nilikuaibisha mbele za watu. Hata mimi nimewahi kulala na njaa, najua ilivyo. Haya chukua. Na usinieleze kitu, mimi najua hakuna ng'ombe."

Mwalimu alikitazama kikapu. Akayainua majani ya juu kwa kidole, akaona kilichofichwa chini yake, na sasa yeye ndiye aliyeinamisha uso.

"Wapo," alisema taratibu. "Wapo arobaini."

Akausukuma mlango ukafunguka wote. Sakafuni, kutoka ukuta hadi ukuta, ilikuwa imepangwa mikebe yenye vifuniko vyekundu. Wa kwanza katika mstari, karibu kabisa na jiko, ulikuwa ule mkubwa kidogo, wenye nyota ya msumari.

"Na huyu," Mwalimu akasema, "kila siku huuliza kama hamna cha kuongeza."