Ukurasa wa Sabini na Moja

Mwalimu aliuweka mkono wake juu ya ukurasa wa sabini na moja, na mhariri mkuu akashindwa kuuchukua.

"Toa mkono, mwalimu."

"Sitoi."

Wajumbe wengine wa kamati walijifanya wanakunywa chai. Kitabu alichokiandika mwalimu kilikuwa cha historia ya taifa, cha kusomwa na kila mwanafunzi nchini. Mhariri alikwisha kuuchora ukurasa ule kwa kalamu nyekundu, kona hadi kona, bila kuusoma. Muhtasari ulimtosha: mgomo wa wapakiaji wa pamba katika stesheni moja ya jimboni, watu kumi na tisa wakapigwa risasi.

"Hayo ni mambo ya jimbo lenu," alisema. "Hiki ni kitabu cha taifa. Harakati za uhuru zilianzia hapa mji mkuu."

"Hapa?" Mwalimu alicheka kicheko kikavu. "Pamba ilipokwama kwetu, treni zikasimama. Treni ziliposimama, bandari ikalala. Bandari ilipolala ndipo ninyi mkaamka. Mto hauanzii baharini, mzee wangu."

Mjumbe mmoja alipaliwa na chai.

Simu ya mwalimu ikatetemeka mezani. Ni mdogo wake wa kiume, mara ya nne asubuhi hiyo. Akaipokea palepale.

"Dada, mama anakusihi uache. Mambo ya babu yamelala. Ukiyaamsha, sisi ndio tutakaoishi nayo."

"Mwambie mama nampenda," akajibu, akakata.

Sauti ya simu ilikuwa juu, na mhariri alisikia yote. Akaegemea kiti, uso umemchangamka.

"Kumbe! Babu yako yumo humu."

"Yumo."

"Sasa tunaelewana. Hulipiganii jimbo, unapigania ukoo. Kila mtu anataka babu yake aingie kitabuni."

Maneno yale yalimchoma. Miaka sita alikuwa amewazungukia wazee waliosalia, nyumba kwa nyumba, akiandika walichokiona kwa macho yao. Wengine walimfungia mlango usoni mara tu alipotaja jina lake. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka wakafungua.

"Nikupe njia ya kati," mhariri akasema. "Mgomo ubaki, aya moja. Majina yatoke yote, na la babu yako likiwemo."

Kamati ikashusha pumzi. Hata mwalimu aliyumba kidogo. Mama angepata usingizi, mdogo wake angeacha kupiga simu, na yeye angerudi nyumbani kwa heshima zake. Neno moja tu, ndiyo, na yangekwisha.

"Yote yabaki," akasema. "Likitoka la babu yangu, na langu litoeni kwenye jalada."

Mhariri akapandwa na hasira, akauvuta ukurasa. Safari hii mwalimu aliuachia.

"Soma," akamwambia. "Kwa sauti, wote wasikie."

Mhariri akayasoma majina kumi na tisa ya waliouawa, moja baada ya jingine, akilitafuta la ukoo wa mwalimu. Halikuwamo.

Alilikuta chini yake, peke yake, mwisho wa sentensi iliyoanza hivi: "Aliyewafungulia askari mlango wa ghala walimojificha wenzake alikuwa…"