Mkono Ambao Profesa Hakuuachia

"Usimhurumie, Profesa. Huyu iko mvivu tu," Mama Inès alisema. Binti yake alikuwa ameketi kwenye ngazi anahema, ndoo ya kudekia pembeni.

Profesa, daktari Mskoti aliyetibu watu Bujumbura ujanani, kisha akafundisha fiziolojia hapa Durban hadi kustaafu, alimpa Inès mkono. Vidole vyake vikateleza mpaka kwenye kifundo cha mkono, vikatulia hapo.

Mama Inès akatabasamu. Kila alipokuja kumfanyia usafi alisalimiwa vile vile, akadhani mzungu ameshika heshima ya kwao ya Kirundi, ya kutokuwa na haraka ya kuachia mkono wa mtu.

Kumbe mzee alikuwa anahesabu mapigo ya moyo. Leo akahesabu, akarudia.

"Midomo yake iko hivi tangu lini?"

Ilikuwa ya samawati. Mama alikuwa ameiona wiki nzima, akamgombeza mtoto kwa kula zambarau za njiani.

"Twende hospitali. Asitembee hata kidogo."

Mama Inès akachuchumaa, akamgeuzia binti mgongo.

"Eish, Mama! Mimi niko mkubwa."

"Panda, mwanangu."

Akapanda. Profesa akatembea ubavuni mwao hadi garini, mkono ule hajauachia, bado anahesabu.